Tuliokuja Lubumbashi kwa mkataba mfupi tukaganda, njooni hapa tupige stori

MamaK_wa_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nyuzi za Congo humu ndani nimezipitia, nyingi ni za madereva, foleni ya Kasumbalesa, vibali, nani kapigwa hela wapi, na zilizobaki ni za vita. Leo naleta ya watu wawili wanaoishi tu.

Mume wangu anasimamia malori ya kampuni moja hivi, yanakuja na salfa na vipuri vya migodini yanarudi bandari ya Dar na shaba. Alipelekwa Lubumbashi kwa muda mfupi, "kamalizie kazi ya mwenzako", mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, mimi nikasema hapana siwezi kuwa mke wa kwenye simu, watoto wenyewe wameshakua, mmoja yuko chuo Dodoma mwingine bweni Morogoro, nikamwachia mdogo wangu kifremu changu cha kushonea nikamfuata.

Sasa nawaambia kitu, mimi na huyu mwanaume tumeoana zamani sana ila kukaa naye nimekaa naye huku. Dar alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya Mandela, anarudi saa tatu saa nne usiku anakula huku anasinzia, Jumapili anaosha gari analala. Huku tunakaa Kampemba na yadi yao iko hukohuko upande wa viwandani, saa sita na nusu mchana anaingia mlangoni anataka kula. Yaani jua liko utosini na mume yuko mezani. Mwanzoni nilikuwa namuuliza, umefukuzwa?

Basi nitakuwa naweka kidogo kidogo, mwenye swali aulize.

kigoda_mbele
Nimeshaweka kigoda changu. Dada endelea, usije ukatuacha njiani kama wale wa stori za majini.

MchambuziHuru
Mleta uzi mbona unatuchanganya, Congo si kuna vita? Au mnalipwa mkae kimya?

MamaK_wa_Tabata
Mchambuzi hili swali naulizwa kila siku na mama yangu kwa hiyo nalijibu kwa upole. Congo ni nchi kubwa mno. Vita viko mashariki, Kivu, waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Kutoka Goma mpaka huku hata ukipita juu kwa juu kama ndege ni zaidi ya kilomita 1,000. Huku tuko kusini kabisa Haut-Katanga, jirani yetu ni Zambia, ukitoka mjini kwenda mpakani Kasumbalesa hufiki hata kilomita 100. Haimaanishi huku hakuna vibaka, wapo, usiku hatuzururi, lakini milio ya bunduki ninayoisikia ni ya kwenye filamu za Baba K.

Himbi_243
Mama aksanti ya kubaeleza. Shiye tuko Goma, tunajua yenye tunaona, sitasema mingi. Dada yangu eko Lubumbashi tangu zamani, akinitumia video ya soko na watoto banatoka masomo ninaangalia mara mbili mara tatu. Andika mama, andika ile ya kawaida, tuko tunasoma.

MamaK_wa_Tabata
Himbi pole sana ndugu yangu, Mungu awasimamie. Nitaandika.

Haya tuanze na soko maana ndiko ninakoshinda. Kuna soko kubwa la katikati ya mji linaitwa la Mzee Laurent-Désiré Kabila, na kuna soko la Kenya, Kenya ni komuni ya hapahapa Lubumbashi, mama mkwe nilimwambia niko Kenya nanunua samaki akampigia mwanawe kumuuliza mkeo kafuata nini Nairobi. Mimi ni mtu wa Kenya. Mazungumzo yote ni Kiswahili, karibu mama, lengalenga ya leo asubui (ndiyo mchicha), lakini ikifika bei wanahamia Kifaransa, senksaa (mia tano), mil (elfu), demil (elfu mbili), nimejifunza kuhesabu Kifaransa kwenye mafungu ya nyanya. Unga unapimwa kwa meka, kopo la bati, na hapo ndipo unamjua mama mwenye roho. Yule wangu anajaza mpaka juu panachongoka, ukijifanya unageuka kuondoka anachota kwa vidole vitatu anaongezea, halafu anapiga ubavu wa kopo kwa kiganja, unga unashuka, anachota tena anajazia pale palipobonyea, anakuangalia usoni. Hapo huwezi kwenda kwa mwingine hata kama mwingine ana bei ndogo.

Vitu vingi vinauzwa kidogo kidogo, wenyewe wanaita kadogo. Mafuta ya kupikia kwenye kimfuko cha kufunga ncha, sukari ya chai moja, mkaa wa kupika mara moja. Mwanzoni nilikuwa nanunua kwa gunia kama tajiri, siku hizi na mimi nanunua kadogo maana kwenda kwenyewe ndiyo raha.

Jumamosi naenda na Baba K. Huyu ni mwanaume ambaye Tabata hajawahi kujua kitunguu kinauzwa wapi, sasa hivi anabeba mfuko anapanga foleni ya mkaa, na mama wa makala akimuona anaita wenzake, "muangalie papa, anamusaidia mama, njo bwana ya muzuri", anavimba kichwa mpaka nyumbani. Wanaume wa humu JamiiForums jaribuni, sifa zinatolewa bure.

Shangazi_Ilala
😂😂 Huyo mume apimwe, Congo wamempa nini? Na mimi wangu nimpeleke.

MtuWaMwanza
Hela mnatumia gani huko? Nasikia dola hata kwa muuza karanga.

MamaK_wa_Tabata
Zote mbili zinatembea pamoja. Kodi ya nyumba, friji, nguo za maana, unalipa dola. Nyanya, mkaa, nauli, faranga. Unaweza kulipa dola ukarudishiwa chenji ya faranga, na wabadilisha hela wamekaa barabarani na meza zao wameweka mabunda ya faranga kwa rubabendi, mtu anahesabu haraka vidole huvioni. Ila noti ya dola iwe safi jamani. Ikiwa na mchaniko mdogo pembeni hata wa milimita mbili, anaiinua juani, anaigeuza, anakurudishia bila hata kusema neno. Baba K kuna noti yake ya ishirini ameizungusha mji mzima imekataliwa, sasa iko kwenye Biblia inasubiri siku ya kurudi Dar.

Mulushois_kabisa
Mama mi niko mutu ya hapa, komini Katuba. Aksanti sana ya kusema bizuri ya muji yetu, kila siku banasemaka tu mine na kobalti. Sasa nauliza: ulishaka kula binkubala? Na kikanda? Na munkoyo ulikunywa? Kama bado, hauko mu Lubumbashi, uko mu hoteli.

MamaK_wa_Tabata
Kaka wa Katuba umenibana. Munkoyo nakunywa sana, wa baridi, ule wa mahindi na mizizi, ukikaa siku ya pili unaanza kuchangamka nauogopa kidogo. Kikanda nilipewa na mama jirani nikajua ni nyama ya kopo, kumbe ni viazi vya porini vinasagwa na karanga na pilipili vinapikwa vinashikamana unakata vipande, sasa nakula na chai. Binkubala, wale viwavi waliokaushwa, Baba K anakula kama bisi akiangalia mpira. Mimi nilikula, nikameza, inatosha.

Halafu bukari. Wabongo, bukari ni ugali lakini msimwambie mtu wa huku hivyo. Mgumu, mweupe, unafinyangwa tonge kubwa la duara kila mtu na lake, na pembeni sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikaungwa mawese mpaka inang'aa, na samaki wanamuita thomson amekaangwa mkavu. Unga mwingi unatoka Zambia kwa malori, kwa hiyo Zambia wakizuia kuuza nje, au mvua ikiwagomea kama ile ya msimu wa 2023/24, huku meka inakuwa habari ya mji mzima, kwenye basi, kanisani, msibani. Siku ambazo malori ya unga yanapita vizuri najua hata kwa uso wa mama wangu wa sokoni.

Jioni sasa ndiyo raha yenyewe. Karibu na kwetu kuna papa wa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Ana gogo la mti limechongwa katikati limebonyea kwa miaka ya panga, anakuuliza ya shilingi ngapi, samahani ya faranga ngapi, anapima kwa jicho, anakatakata tak tak tak pamoja na mifupa, anatupia kitunguu kibichi na chumvi na pilipili ya unga, anafunga kwenye karatasi ya kaki, mafuta yanaanza kupenya karatasi kabla hujatoa hela. Tunakula tukiwa tumekaa kwenye benchi lake. Baba K ananisimulia lori gani limekwama wapi, dereva gani kaoa Ndola wakati ana mke Mbagala. Dar hizo stori alikuwa anawasimulia wenzake wa ofisini, mimi nilikuwa napewa "kazi imechosha".

kigoda_mbele
Huyo dereva wa Ndola mtaje.

MamaK_wa_Tabata
Siku nyingine.

Mzee_wa_Kasumba
Wakuu nimeambiwa naongelewa humu. Mimi ndiye Baba K. Kwanza binkubala zina protini, pili ile noti ya ishirini nitaitumia tu.

Mke wangu ameandika soko na mboga, ameacha jambo la msingi ambalo ni Mazembe, timu ya mpira ya hapa. Ukisema wewe ni Mtanzania huku neno la kwanza ni Samatta. Sio balozi, sio rais, Samatta. Alitoka Simba akaja hapa 2011, 2015 akabeba kombe la mabingwa wa Afrika na Mazembe akiwa mfungaji bora, Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, mwezi huohuo akaenda Genk. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, naye alikuwepo. Mimi nanunua vocha naambiwa "weye ndugu ya Samatta" nakubali tu, napunguziwa.

Hii timu ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenediktini. Imebeba ubingwa wa Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la klabu, waliwapiga Internacional wa Brazil 2-0 halafu wakafungwa na Inter Milan 3-0. Watoto wa mtaani kwetu ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa wakifunga goli wanakaa chini wanadunda kwa makalio kama kipa Kidiaba.

Sasa mimi ni Yanga damu. Desemba 2024 Yanga wamekuja hapa, nimeingia uwanjani kule Kamalondo na jezi nimevaa ndani ya shati, Mazembe wanaongoza moja, nimekaa katikati ya mashabiki wao wenye jezi nyeusi na nyeupe nimekunja mikono, dakika za nyongeza Dube anasawazisha. Nikasimama. Nilikuwa peke yangu niliyesimama lile jukwaa lote. Mzee mmoja pembeni akaniangalia akasema "papa, ikala", nikakaa, kisha akanimegea karanga zake. Mke wangu alikuwa kwenye televisheni nyumbani anasema aliniona, mimi siamini.

MamaK_wa_Tabata
Nilikuona. Shati lilikuwa na vifungo viwili wazi na kijani inachungulia.

Lunyasi_Original
Mzee wa Kasumba na hiyo Yanga yako, nasikia bia ya huko inaitwa Simba. Unakunywa nini sasa? 🦁

Mzee_wa_Kasumba
Hilo swali limeletwa kwa nia mbaya. Ipo Simba na ipo Tembo, zote zinatengenezwa hapahapa. Nakunywa Tembo. Tembo ikiisha nakunywa maji.

MamaK_wa_Tabata
Muongo. Ikiisha anamimina Simba kwenye glasi, chupa anaweka chini ya meza.

Lunyasi_Original
Nimekufa hapa 😂😂😂 dada nitumie picha ya hiyo chupa nitalipia.

Cheminot_wa_Lupopo
Mbona muko nasema Mazembe tu? Lubumbashi iko na Lupopo pia, timu ya batu ya reli, nayo ya 1939. Papa siku ya derbi kuja upande yetu, utasimama na hakuna mutu atakuambia ikala.

Mzee_wa_Kasumba
Papa wa Lupopo mwaliko nimeupokea, ila nitavaa nyeupe tupu nisije nikaeleweka vibaya. Wacha niende, kuna gari liko Chililabombwe, upande wa Zambia, halisogei.

DadaWaMikocheni
Mama K, swali la kike. Wewe unashinda unafanya nini? Maana kukaa nyumbani kwa watu kusubiri mume arudi kula mimi ningechizika.

MamaK_wa_Tabata
Swali zuri. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala, nawaambia ukweli, nilikuwa na usingizi wa miaka. Halafu mama jirani akaniona napindapinda pindo la pazia kwa mkono akaniuliza "mama uko fundi?" nikamwambia ndiyo, kesho yake akaniita kwake, ana vyerehani viwili barazani, kimoja cha umeme kimoja cha miguu, wateja wamejaa. Nikakaa kwenye cha miguu na sijatoka. Mimi kwetu nashona gauni, sketi, sare za shule, huku kitenge ni kitu kingine, bega linainuliwa, mkono unawekewa marinda mpaka unasimama wenyewe, mgongo unachongwa, na mteja anakuja na picha kwenye simu anataka ile ile, sio inayofanana. Kuna mkono mmoja mama jirani alinifumulisha mpaka kitambaa kikaanza kulegea, anasema "hapana mama, iko nalala, inapashwa kusimama". Sasa nimeushika. Nikirudi Tabata wale wateja wangu wa sare watanikoma.

Tunashona tunapiga stori. Ananiita mama, namuita mama, mumewe anamuita Baba K papa, hapa hakuna kuitana jina la mtu mzima hivi hivi. Umeme ukikatika, na unakatika haswa, cha miguu ndiyo kinakuwa mfalme, tunapokezana.

MtuWaMwanza
Hali ya hewa? Mimi nilijua Congo ni msitu na joto.

MamaK_wa_Tabata
Msitu uko juu huko kaskazini. Huku ni nchi ya juu, kama mita 1,200, na Juni na Julai nilidhani nitakufa. Usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa Dar mwenye kanga mbili! Nyumba hazina vya kupashia joto, watu wanawasha babula, jiko la mkaa, wanaliacha nje mpaka mkaa ushike wote na moshi uishe halafu ndiyo linasogezwa karibu na mlango, na dirisha linaachwa wazi, hilo mama jirani alinisisitiza mara nyingi maana gesi ya mkaa inaua watu wamelala, ukienda kulala babula linatolewa nje. Kabla ya hapo tunakaa pale jioni sote wawili na blanketi moja tunachoma mahindi. Mvua zinaisha Aprili hivi, na vumbi jekundu linaanza, unafuta meza asubuhi na mchana unaweza kuandika jina lako. Halafu Septemba Oktoba joto linarudi na jacaranda zinachanua barabara za mjini, zile za enzi za Wabelgiji zilizonyooka, maana huu mji waliuanzisha wao 1910 wakauita Elisabethville jina la malkia wao, Lubumbashi umekuwa 1966. Maua ya zambarau juu na zambarau chini, bajaji zinateleza, wapiga picha wa harusi wanagombania miti. Hapo Baba K alinipiga picha nyingi mno, yeye ambaye kwenye send-off yetu alikataa kupiga.

Mvua zikianza Novemba, uyoga. Ukitoka barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa akina mama wamekaa pembeni na mabeseni, na kuna mmoja ni mkubwa kama mwavuli wa mtoto, huo mmoja tu unatosha familia. Unachanwa vipande, unakaangwa kitunguu na nyanya, basi, usiweke viungo vya ajabu.

Mulushois_kabisa
Aaah mama umenimaliza, uyoga ya mvua na bukari ya moto. Weye sasa uko mu-Lushois, tukupe karti.

PadreMtarajiwa
Kanisani mnasali wapi? Misa ya Kiswahili ipo?

MamaK_wa_Tabata
Ipo, Kiswahili tupu, nyingine Kifaransa. Sisi ni Wakatoliki na nilijua nitaenda nikute kilekile, loh. Huku wana utaratibu wa misa wa Kizaire, Roma waliuruhusu 1988. Mwanzoni wanawaita watakatifu pamoja na mababu waliotangulia, toba na kupeana amani vinakuja baada ya mahubiri, kabla ya matoleo, na hiyo amani sio ya kugusana vidole, watu wanatoka kwenye benchi. Matoleo wanacheza kutoka mlangoni mpaka altareni, kuku hai, mihogo, maboksi ya sabuni. Misa ya saa tatu ikiisha saa tano na nusu umebahatika. Mume wangu ambaye St. nanihii kule nyumbani alikuwa anatoka kabla ya matangazo, huku anacheza matoleo. Nimemshuhudia.

Ila kuna kitu cha saa. Huku wako nyuma ya Tanzania kwa saa moja, mama yangu akiamka saa kumi na mbili anapiga, huku ni saa kumi na moja, kila siku ya Mungu, nikimwambia mama huku bado giza anasema basi funga mapazia ulale.

MchambuziHuru
Naona sifa tu. Ubaya hakuna? Sisi tunataka uzi wa kweli sio tangazo la utalii.

MamaK_wa_Tabata
Utalii gani, sehemu niliyopeleka wageni ni kwenye ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, na bomba lake refu la moshi, kila mgeni anataka picha pale. Mabaki tu hayo lakini ndani yana kobalti, kwa hiyo hata takataka zao ni hela.

Ubaya nakupa. Maisha ni ghali. Karibu kila kitu kinapita barabarani kutoka Zambia, Afrika Kusini au huko kwetu, ukiongeza ushuru na mizani na siku za kukaa mpakani, sabuni inafika hapa imechoka na bei imevimba. Kupanga nyumba wanataka garanti ya miezi mingi mkononi, dola. Maji na umeme vinakuja vinavyojisikia, nina madumu jikoni kama nafungua duka. Barabara za ndani mvua ikinyesha unapanda manseba, ndiyo bodaboda wa hapa, unafika na tope la mgongoni. Na makaratasi, karatasi ya hiki, muhuri wa kile, Baba K ana begi zima la nakala. Kuna ofisi moja alizungushwa mpaka mlinzi wa getini akawa rafiki yake, wanasalimiana mpaka leo wakikutana sokoni.

Watoto nawakosa. Hilo siongelei sana hapa.

Shangazi_Ilala
Watoto wakubwa hao, wanakula hela zenu vizuri tu huko chuo. Kaa na mumeo.

BintiMbeya
Dada nimesoma uzi wote leo nikiwa kazini 🙈. Mume wangu amepata kazi Likasi na mimi namfuata baada ya mwezi. Nibebe nini? Naogopa sana Kifaransa.

MamaK_wa_Tabata
Karibu mdogo wangu, Likasi ni kama kilomita 120 kutoka hapa, lami, tutatembeleana. Kadi ya njano ya homa ya manjano iwe original na uishike mkononi sio kwenye begi la chini. Dola nenda benki uombe mpya mpya, zihifadhi kwenye bahasha usizikunje. Sweta la kweli, sio lile la mapambo. Dagaa usibebe, huku wapo wengi. Majani ya chai ya kwenu beba. Kifaransa utajifunza kwenye nyanya kama mimi, na Kiswahili cha hapa baada ya wiki mbili unakiongea bila kujijua, mimi juzi nimemwambia mwanangu kwenye simu "uko nakula bizuri?" akanyamaza akauliza mama umepatwa na nini.

Na mchele wa Kyela. Tafadhali. Wa hapa unalika ila mtu wa Mbeya atateseka.

BintiMbeya
Asante dada ❤️ Mchele mpakani wanaruhusu kilo ngapi?

Mzee_wa_Kasumba
Nimerudi, gari limetoka Chililabombwe. Binti, kwa matumizi ya nyumbani kilo kumi na tano hawatakusumbua. Kumi za kwako, tano za kwangu, wakikuuliza sema zote za kwako.

MamaK_wa_Tabata
Tatu. Hizo mbili zingine aniletee mimi kwenye mfuko wake peke yake maana nikiziacha kwenye tano zako sizioni.